Tranka Lililopanda Ngorongoro

Tranka langu lilikuwa la bati, rangi ya bluu, na juu ya kifuniko fundi alikuwa amechora maua mawili mekundu ambayo hayajawahi kuota popote Karatu. Mama alilinunua nilipomaliza chuo cha ualimu, akalibeba mgongoni hadi kwetu Kansay, na majirani wakatoka kulitazama. Kwetu wakati ule msichana alitoka nyumbani na tranka kwa sababu moja tu, kuolewa. Basi majirani walilitazama tranka, wakatazama nyuma ya Mama, wakauliza bwana harusi yuko wapi.

Baba alikuwa ameshafariki, na mwenye sauti nyumbani alikuwa baba mkubwa. Naye alikuwa na bwana harusi tayari. Alikuwa mtu wa Qurus, mwenye plau na ng'ombe wake wa kulimia, aliyekuwa amekuja kuniangalia mara mbili. Mimi sikumpenda hata kidogo. Badala ya kunitazama usoni alikuwa akiitazama mikono yangu, nadhani alikuwa akikadiria ni shamba la ukubwa gani ingeweza kulipalilia.

Nilipopangiwa shule, ikawa ni huko juu kwa wafugaji, ng'ambo ya msitu wa Ngorongoro, mahali ambapo walimu wa kutoka mjini walikuwa wakifika, wakikohoa kwa baridi kidogo, na kuomba uhamisho. Baba mkubwa alicheka aliposikia. Kisha akatoa uamuzi wake mbele ya Mama.

"Shule zinafunguliwa Jumatatu. Ukiripoti, wewe ni mwalimu, nami nitanyamaza. Usiporipoti, hilo tranka litakwenda Qurus. Tranka la msichana likishatoka nje halirudi ndani kukaa."

Mama alizungumza Kiiraqw, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kununulia chumvi. Tulipokuwa jikoni akaniuliza kuripoti ni kitu gani.

"Ni kufika kazini na kusema kwamba umefika."

"Basi?"

"Basi."

Akakoroga uji kwa muda, akilisema lile neno polepole mdomoni. Alikuwa amedhani ni jambo gumu.

Miaka ile vita vilikuwa vimekwisha karibuni na mafuta ya gari yalikuwa ya kutafuta kwa tochi. Tulishuka Karatu mjini, mimi na Mama na tranka, tukakaa kwenye baraza la duka moja tukisubiri lori la kupanda juu. Mvua za masika zilikuwa zimeanza kwa hasira. Siku ya kwanza tuliambiwa lori halina dizeli. Kesho yake dizeli ikapatikana, na barabara ya mlimani ikawa imekatika. Nina hasira za karibu, watu wote wa kwetu wanalijua hilo, na Alhamisi jioni niliupiga teke ukuta wa lile duka, nikaumia kidole, nikalia. Sikuwa nikililia kidole. Nilikuwa nikiwaona wale ng'ombe wa Qurus.

Mama alingoja nimalize. "Tuna miguu," akasema.

Mwenye duka, mtu mwema, alisema tukienda kwa miguu tuache tranka kwake, atalitunza. Mimi nilikuwa tayari kukubali. Nguo ningezifunga kwenye kanga, na vyeti ningevitia kifuani. Mama alikataa katakata. Baba mkubwa hushuka sokoni Karatu, akasema, na akilikuta tranka dukani atalibeba, atatangaza kwamba mwanamke hajaondoka, na kabla sijapata barabara ya kurudi kujitetea nitakuwa nimeshaozwa. Nilibisha kidogo kwa ajili ya heshima ya hasira yangu, lakini nilijua anasema kweli. Tranka lilikuwa lazima liripoti pamoja nami.

Njia tuliipata kwa bahati. Ijumaa asubuhi mama mmoja wa Kimaasai alikuwa akifunga magunia ya mahindi juu ya punda wake wawili, na boma lake, tulipouliza, lilikuwa jirani na shule yangu. Akanisalimu, "Takwenya," nami nikaitikia "Iko" kama tulivyofundishana chuoni, nikainamisha kichwa akakigusa. Mama alisimama kando akiwa amekaza uso. Yeye alikuwa amekulia kwenye hadithi za Wamaasai kuja kuchukua ng'ombe wetu, na hakuwa ameamua kuzisahau asubuhi ile. Nilianza kumwita yule mama Yeyo, kama wanavyowaita mama zao, na jina likamkaa safari nzima.

Yeyo alilitazama tranka, akawatazama punda wake. "Tajaribu," akasema.

Tulijaribu. Tuliliweka juu ya punda mkubwa, likagonga gunia, bakuli la ndani likalia kwenye bati, na punda akapiga mateke akatimua mbio kupita soko zima la Karatu, mahindi yakimwagika nyuma yake. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Tuliokota mahindi punje kwa punje kwa aibu. Punda walikuwa wametoa uamuzi wao.

Kwa hiyo nikalitwika kichwani. Chuoni nilikuwa nimewaona wenzangu wa kutoka mbali wakibeba tranka kichwani, shingo wima, nami nililibeba hivyo kupita mashamba ya kahawa nikijiona mwalimu kamili. Kisha tukaingia msituni. Pale hakuna mahali pa kuwa na shingo wima. Matawi yameinama hadi usoni, miti imeota ndevu za kijani zinazodondosha maji hata mvua ikikatika, na njia yenyewe ni mfereji wa tope uliochimbwa na kwato. Kila tawi liligonga tranka, na tranka likagonga utosi. Ukungu ulitushukia tukawa tunaufuata mkia wa punda wa nyuma. Majani ya kuwasha yalinichapa miguu kupitia soksi. Raba zangu nyeupe, nilizokuwa nimezipaka chokaa kwa ajili ya kuripoti, zilikufa kabla ya saa sita.

Jioni tulilala kwenye kibanda walichokiacha wachungaji, ndani ya msitu. Vitu vyote vya kila mtu vilikuwa vimelowa, shuka la Yeyo, kanga zetu, hata kiberiti alichokuwa amekificha kwenye nywele za mkia wa punda, wazo ambalo mpaka leo sijalielewa. Mama akatoa ufunguo aliokuwa ameuvaa shingoni kwa uzi, akafungua tranka. Kiberiti kikavu. Unga mkavu. Chumvi kavu. Hata gazeti la kuwashia moto lilikuwa kavu kama limetoka dukani. Yeyo aliingiza mkono mle ndani akapapasa pembe zote, kisha akacheka kwa sauti, akamtolea Mama kibuyu chake cha maziwa ya mgando. Mama alikiangalia kile kibuyu. Alizitafakari kidogo hadithi zote zile za ng'ombe, halafu akanywa. Tulikula ugali wa moto na maziwa, mvua ikipiga juu, na nilikuwa na furaha iliyonishangaza mimi mwenyewe.

Asubuhi ya pili tranka lilinitoka. Nilikuwa nikipanda kwenye ukingo wa korongo, tawi likanivuta, nikaona maua yangu mekundu yakigeuka juu chini mara nyingi yakienda zake, kwa kelele ambazo nadhani zilisikika hadi Kansay. Kisha kimya. Yeyo alisema tuliache, njia ni ndefu na mguu wa mtu ukivunjika pale hakuna wa kumbeba. Alisema kwa huruma.  Mama alivua viatu, akakaa chini kwenye matope, akaanza kuteremka kwa makalio, mwanamke mzima na heshima zake, akijishikilia kwenye mizizi. Niliona haya nikamfuata. Tulilikuta limekwama kwenye shina, limebonyea ubavu mmoja, kufuli likiwa bado limeng'ata. Kulipandisha kulituchukua muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka, mimi nikisukuma kwa bega kutoka chini, Mama akivuta, Yeyo akiwa ameteremsha kamba ya punda kutoka juu na kutupigia kelele kwa Kimaa. Sikuelewa neno hata moja na nilitii kila kitu.

Tulipofika juu Mama alininyang'anya tranka. "Kichwa chako ni cha kusoma," akasema. Akatoa mkanda wake wa ngozi, ule ambao wanawake wa kwetu hubebea kuni, akalifunga tranka mgongoni, mkanda ukapita kifuani. Yeyo akatikisa kichwa. Akaufungua mkanda, akaurefusha, akaupitisha kwenye paji la uso la Mama kama wanavyofanya wao, tranka likakaa chini kidogo, kiunoni, mbali na matawi. Mama alipiga hatua chache za kujaribu. Akageuka, akasema kwa Kiiraqw kwamba hawa watu ni wezi wa ng'ombe lakini wanajua kubeba. Nilimtafsiria Yeyo nusu ya pili tu. Tangu hapo tulipokezana, mimi na Mama, mkanda kwenye paji, na tulikwenda vizuri.

Karibu na ukingo wa juu, punda walisimama. Masikio yalisimama pia. Yeyo akanyoosha mkono nyuma kutuzuia, na kwenye ukungu mbele yetu, katikati ya njia, kulikuwa na kitu cheusi ambacho nilidhani ni mwamba mpaka kilipopumua. Ni mbogo dume, peke yake, na aliyekaa peke yake ndiye mbaya. Nyuma yetu kulikuwa na mteremko, pembeni vichaka. 

Zamu ya tranka ilikuwa ya Mama. Alilishusha taratibu, akaokota kijiti, akaanza kulipiga. Hakulipiga ovyo. Alilipiga kama tunavyopiga debe shambani kufukuza ndege kwenye mtama, mapigo ya haraka kisha pigo moja zito, na juu yake akaweka ile sauti ya shambani, ya kuwatukana ndege na mama zao. Bati lilinguruma. Msitu mzima ukawa tranka. Mbogo aliinua kichwa, akatutazama kwa muda ambao Mama hakupunguza mapigo wala matusi, halafu akageuka akaingia vichakani akivunja matawi. Tulimsikia akienda, akienda, hadi tukawa hatumsikii tena. Ndipo Mama akaacha. Punda, hata yule aliyelikimbia tranka sokoni, hawakuwa wamesogea hatua.

Yeyo alikaa chini akacheka machozi yakamtoka. Aliiga mapigo kwa viganja vyake kwenye gunia la mahindi, akakosea, Mama akamsahihisha. Niliwaacha wafundishane.

Tulipotoka msituni jua lilikuwa limechomoza nyuma ya mvua, na bonde lote la Ngorongoro lilikuwa chini yetu, ziwa likiwaka katikati. Niliwahi kuliona mara moja kupitia dirisha la basi la chuo, nikasema ni zuri. Safari hii nilipiga kelele. Nilikuwa nimepanda hadi pale kwa miguu yangu, na hakuna mtu wa Qurus wala wa popote ambaye angeweza kuninyang'anya hilo. Kutoka pale ni majani, upepo na mabonde, malengelenge miguuni na baridi ya kukata masikio, lakini tulikwenda tukiimba, na Jumapili jioni tuliingia bomani kwa Yeyo. Watoto wake walilizunguka tranka wakigusa yale maua.

Jumatatu alfajiri Mama alinisugua uso kwa pembe ya kanga kana kwamba nina miaka mitano. Tulifika shuleni kengele ikilia, lile pande la chuma linaloning'inia kwenye mti. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni akiwahesabu wanafunzi. Alituona, wanawake wawili wa tope tangu nywele hadi vidole, na tranka lililobonyea, akadhani tumepotea njia.

"Shikamoo, Mwalimu," nikaanza, "mimi ni..." Na hapo sauti ikanikatika. 

Mama akanipita. Akashusha tranka mbele ya miguu ya mwalimu mkuu, akanyoosha mgongo, na kwa Kiswahili chake cha kununulia chumvi akasema kwa sauti ya mtu anayefukuza ndege:

"Tumeripoti."

Mwalimu mkuu alilitazama tranka, akalitazama tope, akalitazama paji la uso la Mama lenye alama ya mkanda. "Karibuni sana," akasema. Alikuwa amekwisha kuandaa mwalimu mmoja wa kushuka wilayani siku ile ile kusema kwamba mwalimu hakufika. Akamrudisha darasani.

Mama alirudi nyumbani na msafara wa Yeyo uliofuata. Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe alipokuja kunitembelea likizo, na amenisimulia tena mara nyingi, kila mara akisimama ili aonyeshe. Baba mkubwa alikuwa amekaa nje na yule bwana wa Qurus. Alipomwona anakuja peke yake, amekonda, miguu imepasuka, akatabasamu kidogo, akauliza tranka liko wapi, limebaki Karatu?

 Mama aligeuka, akamwonyesha mgongo wake mtupu, uliolifikisha tranka shuleni, akakaa hivyo mpaka wote wawili wameutazama vya kutosha. Kisha akaingia jikoni kwake kupika.