Mwanangu Afanyia Kazi Nyumbani, Mtaa Wasema Ni Bibi Harusi

Admin, jina langu lifiche, na ukiweza nifichie na kofia, maana hapa Mtopanga watu hunijua kwa kofia kuliko kwa sura. Mimi ni mzee wa miaka sabini na ushei, mke wangu alishatangulia mbele ya haki. Nimestaafu kubeba magunia bandarini, na shule niliiacha darasa la tano kabla mwalimu hajanichoka vizuri. Naandika kwa kidole kimoja. Makosa ya herufi nisameheni, hayo mengine nishayazoea.

Naishi na kitindamimba wangu, binti wa miaka thelathini. Zamani akienda kazini mjini. Mwaka huu wakamwambia afanyie kazi nyumbani. Kazi yenyewe ni kuongea na wateja wa nchi za watu kwa kompyuta, awapoze hasira wakipotelewa na vifurushi vyao. Nikasema alhamdulillahi, sasa mtoto nitamuona. Wallahi nilikuwa nikimuona zaidi alipokuwa akienda mbali.

Asubuhi anaingia chumbani, anafunga dirisha kwa sababu ya jogoo wa jirani, kisha anafunga mlango kwa sababu yangu. Nisikohoe, nisitwange tambuu, redio niisikilize kwa moyo. Chai nikimpelekea, nikiirudia naikuta na utando. Siku moja nikabisha nimuulize tule nini, akageuka na ile sauti laini ya kazini: "Samahani kwa kusubiri, nikusaidie vipi?"

Nikamwambia, "Mimi babako. Nataka kujua kama ni samaki ama maharagwe."

Akacheka, kisha macho yakamjaa maji, akaigeukia kompyuta yake. Mimi mtu wa maskhara, lakini pale niliurudisha mlango taratibu. Tangu siku ile situlii. Nikikaa nainuka, nikitoka barazani narudi kutega sikio mlangoni, kama mwizi wa nyumba yangu mwenyewe. Mtoto miguu inamvimba, mgongo anaushika utadhani ni yeye aliyebeba yale magunia yangu. Nikimwambia atoke apigwe na jua, jibu ni moja, "Nikimaliza hii, baba." Na hiyo "hii" haijaisha mpaka leo.

Sasa mtaa nao una macho. Wanawake wameona msichana hatoki, rangi imetakata kwa kukosa jua, na dirishani husikika akimbembeleza mtu mchana kutwa. Wakakata shauri, yule ametiwa ndani, ni mwari, anaandaliwa harusi. Kwetu bibi harusi hufichwa, hashiki sufuria, halioni jua mpaka siku yake. Basi wakaacha hata kumbishia hodi. Wazee wenzangu barazani wakaniandama, "Yakhe, harusi lini? Mbona watuficha?" Ulimi wangu haujawahi kuniomba ruhusa. Nikawaambia, "Siku ikifika mtanusa pilau."

"Na bwana mwenyewe?"

"Wa ng'ambo huyo. Ana wivu, hata nafasi ya kula hamwachii."

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Binti nilipomhadithia akasema, "Waache, baba. Angalau napata utulivu."

Alhamisi moja alasiri nikasikia hodi. Ni Bi Mwanaidi, jirani yetu, bibi aliyesugua nusu ya mabibi harusi wa mtaa huu. Kabeba bakuli la singo, ule mchanganyiko wa manukato wa kumsugulia mwari. "Mtoto hana mama," akanambia. "Ulitaka asuguliwe na nani? Na wewe, na mikono hiyo ya magunia?" Mara keshanipita, kaingia chumbani kwa binti. Mimi nikabaki ukumbini, nasikia tu.

"Shikamoo, bibi. Lakini mimi si..."

"Marahaba. Nyamaza, mwari hasemi. Lala hapa mkekani. He! Hili bega ama jiwe la kusagia? Nani kakufanya hivi?"

Kisha nikamsikia mwanangu analia, kile kilio cha mtoto aliyepotea sokoni akaonekana.

"Lia, mamangu," Bi Mwanaidi akamwambia. "Wote hulia. Nyumba ya mume si mbali, utakuja kutuona."

Jioni ile binti alikula samaki wake wote, akaninyang'anya na wangu. Tangu hapo Bi Mwanaidi huja kila Alhamisi. Humkanda, humsugua, humtoa uani kumwosha miguu, humtukana kidogo, huondoka. Ikikaribia saa yake mwanangu huzima kompyuta bila kuambiwa. Juzi aliniuliza, "Baba, leo si Alhamisi?" Aliuliza kwa sauti yake mwenyewe, ile ya utotoni.

Balaa ni kuwa wanawake washachagua leso za sare. Bi Mwanaidi keshawakatalia mabibi harusi wawili, ati hawezi kumwacha yatima wake. Wiki iliyopita kanitaka tarehe, nikajikohoza mpaka akaniletea maji. Mtasema nimwombe aje tu, harusi isiwepo. Hamumjui. Dada yake wa tumbo moja aliwahi kumdanganya kuhusu posa, mpaka leo wakikutana msibani huangaliana migongo. Nilipomwambia binti aseme mwenyewe, alinishika mkono wa kanzu: "Sema wewe, baba. Lakini sema vizuri, asije akaacha kuja."

Mimi na kusema vizuri, wapi na wapi? Mzaha wangu ndio uliomleta yule bibi mlangoni, na mikono yake ndiyo iliyonirudishia mtoto.

Kesho ni Alhamisi. Hivi ninavyoandika, mwanangu katoka mwenyewe mpaka uani, yuko juani, anaanika mkeka. Haya, nyinyi wenye busara za simu, nipeni maneno. Nimwambieje Bi Mwanaidi kwamba mwari wake hana bwana, ana kazi tu, na bado anamhitaji?