Rangi ya Kucha Kwenye Skrubu

Nianze na kisasi, maana ndicho kilichokuwa kikiniamsha kila asubuhi kwa miaka mitano. Wengine huamshwa na saa. Mimi kila nikifumbua macho nilimwona Mzee Najua, msimamizi wa gereji kubwa, kaninyooshea kidole getini: "Beba kichupa chako, toka. Hapa ni gereji, siyo saluni."

Mzee Najua ni jina tulilompa sisi mafundi wake. Hujamaliza kueleza gari lina nini, keshasema, "Najua." Mimi waliniita Saluni kwa sababu ya hicho kichupa. Kila skrubu niliyoiweka kwenye kipimo chake niliipaka mstari mwembamba wa rangi ya kucha, nyekundu, kutoka kichwani mwa skrubu hadi kwenye chuma kilichoishika. Mstari ukikatika, ujue kuna mkono umepita. Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wacheke tu, sikuacha.

Kilichonitoa pale ni lori la mjomba wangu. Mjomba ndiye aliyenipeleka gereji nikiwa msichana, akawaambia, "Huyu ana mikono, mpeni spana." Alipotaka lori lake lipande milima na mzigo bila kulialia, tulilifungia supachaja, ile mashine inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Sasa, nguvu hiyo haihitajiki muda wote. Ukitambaa polepole, kuna valvu inayofunguka na kuirudisha hewa ilikotoka. Ukikanyaga mafuta, valvu inajifunga, nguvu inakuja. Ndani yake ni kisahani tu cha chuma kinachogeuka katikati ya bomba. Nilikifunga mimi. Nikaweka skrubu ya kukizuia kisifike mwisho kabisa, nikaacha uwazi wa unywele mmoja, nikapaka mstari wangu.

Siku tatu baadaye mjomba alisimama kando ya ukuta wa nyumbani kwake akimwelekeza dereva pa kuegesha. Dereva anaapa hadi leo kwamba aligusa mafuta kidogo tu. Lori liliruka. Lilimbana mjomba mguu ukutani, na tangu siku hiyo anatembea kwa fimbo.

Mzee Najua alifika hospitali kabla yangu. "Ni yule Saluni," akamwambia mjomba. "Valvu kaifunga ovyo ovyo, imenasa." Lori walishalifungia uani mwa gereji, sikuruhusiwa hata kulichungulia. Nilipoingia wodini nikasema, "Mjomba, sikuiacha hivyo, angalieni mstari wangu," mjomba akageukia ukutani. Basi. Hakunisemesha tena. Kwenye harusi ya dada yangu alinipita kama anapita nguzo ya umeme. Mimi, mpwa aliyembeba mabegani! Nilienda nyuma ya jiko nikalia mpaka kope zikavimba, halafu nikajiapiza kwamba yule mzee wa "najua" atakuja kusema anachokijua.

Nikafungua gereji yangu, banda la mabati lenye shimo moja la kukagulia magari na benchi la mbao.

Jumanne iliyopita, saa tatu asubuhi, lori likaingia. Nililijua kwa mlio kabla sijaliona. Mjomba alikuwa kwenye kiti cha abiria, fimbo katikati ya magoti, macho mbele.

"Dereva," akasema, na mimi nimesimama hatua mbili tu, "mwambie fundi gari linaruka likishapata moto. Gereji kubwa wameshindwa mara tatu. Nataka kuliuza, lakini sitamuuzia mtu kitu cha kumvunja mguu."

Dereva akanigeukia, aibu tele usoni. "Dada, mzee anasema..."

"Nimesikia. Mwambie mzee akae pale kivulini."

Fundi! Hata jina langu lilimkwama kooni. Nikafungua boneti.

Injini ikiwa baridi, mkono mdogo wa valvu ulicheza vizuri. Nikaliacha lingurume. Baada ya robo saa nikavuta mafuta, nikaachia: mkono ukabaki umefunga. Nikausukuma kwa kidole, haukutikisika. Nikachomoa mpira mwembamba wa hewa unaouvuta mkono huo, nikaufyonza kwa mdomo, ukashika vizuri. Kwa hiyo mpira hauna kosa. Valvu yenyewe gereji kubwa walikuwa wameimwagia mafuta ya kulainisha mpaka inatiririka, maana Mzee Najua kila kitu dawa yake ni mafuta. Nikachukua kitambaa, nikafuta taratibu.

Chini ya uchafu, mstari wangu. Nusu yake ilikuwa kwenye chuma pale pale nilipoiacha. Nusu nyingine, ya kwenye skrubu, ilitazama upande wa pili kabisa. Mtu alikuwa ameilegeza, kisahani kinafika mwisho na kujikaba kwenye bomba. Chuma kikipata moto, hakitoki, na nguvu inakuja hata ukigusa mafuta kidogo.

Nilitaka kupiga kelele, "Mjomba, njoo uone!" Lakini angeona nini? Rangi ya kucha inauzwa kila duka. Angesema nimepaka leo. Nilihitaji mdomo wa Mzee Najua mwenyewe, na ule mdomo naujua, haujawahi kukataa sifa.

Nikapiga simu. Nikamvika kilemba cha ukoka. "Shikamoo mzee wangu. Lile lori la mjomba limeletwa kwangu, ile valvu imenishinda. Nani ataiweza kama siyo wewe?"

"Najua," akasema.

Nusu saa haikuisha, huyo hapo, ovaroli imepigwa pasi, meno yote nje. Akamsalimia mjomba, aliyeinuka na kusogea karibu, kisha akainama kwenye injini.

"Mzee," nikasema kwa sauti ya mtoto wa shule, "hii skrubu niliiweka vibaya, sivyo?"

"Vibaya sana! Uliacha uwazi, hewa inavuja, nguvu inapotea. Mimi mwenyewe niliilegeza, mzunguko mmoja na nusu. Kikafunga kama kizibo."

"Kumbe! Lini hiyo, mzee?"

"Siku ile tunalikabidhi. Ulikuwa umeenda kula. Mteja wangu hawezi kuondoka na gari linalovuja."

"Kabla halijatoka gereji?"

"Sasa ningeligusa likiwa njiani?" Akacheka, akamtazama mjomba ili wacheke wote. Mjomba hakucheka.

Nikachukua bisibisi. Nikakaza mzunguko mmoja, kisha nusu. Mstari ukakutana, nyekundu kwa nyekundu. Kisahani kikaachia. Nikavuta mafuta, nikaachia, valvu ikafunguka. Nikailegeza tena kama alivyoilegeza yeye: ikanasa. Nikaikaza: ikafunguka. Nyuma yangu nikasikia fimbo ikianguka sakafuni.

Mzee Najua alitazama skrubu, akatazama mguu wa mjomba. Akafungua mdomo, "Naj..."

"Beba ovaroli yako, mzee, toka," nikasema. "Hapa siyo gereji. Hapa ni saluni."

Aliondoka kinyumenyume, akajigonga kwenye benchi. Ah, nilikunywa ile raha mpaka tone la mwisho, na ningepewa nyingine ningekunywa.

"Mpwa wangu," mjomba akasema. "Mbona hukuniambia?"

Hapo ndipo hasira iliponipanda kuliko ile ya mwanzo.

"Dereva," nikasema, "mwambie mzee nilimwambia. Wodini. Akageukia ukutani."

Dereva akakohoa. "Mzee, dada anasema..."

"Nimesikia," mjomba akasema. "Mwambie mpwa wangu sitoki hapa mpaka anisemeshe kwa kinywa chake."

"Mwambie akae."

Akakaa kweli. Nikapaka mstari mpya juu ya ule wa zamani, nikafunga boneti, nikatengeneza breki za gari jingine. Saa sita ikapita, saa nane ikapita. Kivuli kikamhama, jua likamwangukia mguuni, hakusogea. Mtu mzima yule, na magoti yake yale.

Saa tisa nikachemsha chai, nikamimina kikombe kimoja, nikampa dereva.

"Mpelekee. Mwambie sijatia sukari, daktari amemkataza tangu mwaka juzi."

Dereva akanitazama. "Dada, na hilo nani alikuambia?"

"Peleka chai," nikasema, "itapoa."