Kiwiko cha Brayan

"Nileteeni marehemu yeyote, nitamrudisha mzima. Kitakachopungua ni pumzi tu."

Salvatori Mayunga aliyasema hayo kwenye mnada wa Kewanja, kwa kipaza sauti alichoazima kwa muuza dawa ya minyoo. Watu wakacheka, dawa ya minyoo ikauzika, naye akarudi kibandani kwake ametanuka mabega. Kazi yake ni kuchora: kuku wa wauza chipsi, mikasi ya vinyozi, majina kwenye misalaba. Ni Msukuma, alikuja na wenzake kutafuta dhahabu. Aliingia mara moja tu kwenye duara, lile shimo la wachimbaji wadogo, akatoka na kusema bora rangi, haimwangukii mtu kichwani.

Majivuno yale yalikuwa na chanzo. Mwaka mmoja kabla, aliitwa kwenye kambi ya watalii upande wa Natta akaandike namba milangoni. Akamkuta mama wa Kizungu kwenye kigoda, anamchora simba aliyelala. Salvatori akachungulia. Kichwa kikubwa, miguu miwili ya mbele, na nyuma ya masikio kiuno kimeota kama kibyongo. Akauliza kwa adabu zote, mwili wa simba umeachwa wapi. Yule mama akamwelekezea ncha ya penseli jichoni, akamuuliza ina urefu gani. Salvatori akaona kitone tu. Hiyo, akaambiwa, kwa Kiingereza inaitwa foreshortening: kitu kikikuelekea, jicho linakiona kifupi, na mchoraji anakichora kifupi vilevile, ingawa chenyewe hakijapungua hata kidogo.

Neno refu kuliko simba mwenyewe, lakini alirudi nalo na akalimwaga kila mahali. Akipata lifti ya lori mpaka Mugumu, barabara imekuwa foreshortened. Mkewe, Imelda, akasonga ugali mdogo, nao ukapewa jina hilohilo. Imelda akamjibu kwamba ugali haumwelekei mtu, ni unga ndio umeisha. Na mke ndiye aliyelielewa neno: ni la kitu kinachokujia wewe, si la kila kilicho kifupi.

Basi akaja Boke.

Ni mama wa hapohapo Kewanja, na siku ya kipaza sauti yeye hakucheka. Mwanawe Brayan alifukiwa na kifusi duarani. Waokoaji walimtoa na mkono mmoja. Ule wa kulia ulibaki chini, mwamba ukawa unazidi kumeguka, na hakuna aliyekubali kurudi. Boke alimzika mtoto akiwa pungufu. Sasa mwaka ulikuwa unatimia, kaburi nyuma ya nyumba linajengewa kwa saruji, ndugu wanakuja, katekista anakuja kusali, naye alitaka picha ya kusimamisha kichwani pa kaburi. Iliyobaki ilikuwa ndogo ya kitambulisho, inaishia mabegani.

"Mchore wote," alimwambia. "Mikono miwili. Wewe si ulisema mzima?"

"Mama, atakuwa mzima kunishinda mimi."

Na hapa apewe haki yake, maana Kewanja hawampi: hakufanya uvivu. Alichukua ubao mkubwa kuliko aliolipiwa. Aliona mkono uliopotea hauwezi kurudishwa ukining'inia tu kama taulo kwenye kamba. Afadhali Brayan aunyooshe, kiganja wazi, utoke kwenye picha kumwelekea mama yake, ili Boke akisimama mbele ya kaburi aone anapewa mkono uleule alionyimwa. Akamsimamisha Imelda amnyooshee wake, akauchora jinsi jicho lilivyouona: kiganja kikubwa kama sahani, na nyuma yake bega. Imelda alipoona ubao alisema Boke hajawahi kukaa na yule Mzungu. Salvatori akamwambia picha nzuri haihitaji mkalimani.

Siku ilipofika, ubao ulifunikwa kanga. Waitara, shemeji yake Boke, ndiye aliyeivuta. Uso ulikuwa Brayan kabisa. Shangazi mmoja alianza kulia kwa kuuona tu, halafu akanyamaza katikati. Kijana aliyekuwa anarekodi akashusha simu. Kwa macho ya waliokuwa pale, kiganja kilikuwa kimegandishwa begani, na katikati hapakuwa na kitu.

Nyuma kabisa mtu akasema taratibu, "Wamemchora vilevile alivyotolewa."

Boke akasogea. "Fundi, kiwiko kiko wapi?"

"Kipo, mama. Kiko nyuma ya kiganja. Mkono unakuja kwako, ndiyo maana unauona mfupi. Simama hapa, utauona."

Akasimama palepale alipoonyeshwa. Aliangalia kwa muda mrefu, kwa bidii ya mtu anayetaka kweli kuona.

"Hata kule shimoni waliniambia upo," akasema. "Nyuma ya jiwe."

Lile neno refu la Salvatori lingemfanyia nini mama huyu.

Waitara hakufoka. "Mura," alimwambia, kama Wakurya wanavyomwita mwanaume, "leta rangi."

Akachora hapohapo, watu wamesimama, katekista kashika kitabu kilichofungwa. Alikizika kiganja chini ya bluu ya shati, akateremsha mkono ubavuni, umenyooka kama bomba la maji, na kiwiko cha kuonekana mpaka barabarani. Mtoto wa darasa la tatu angechora vizuri zaidi, na Salvatori alijua. Boke akakigusa kile kiwiko, rangi ikamganda kidoleni. Akasema sasa wasali.

Mvua za masika ziliikuta bluu ile ina mkono mmoja tu wa rangi, haijarudiwa. Ikapauka, kiganja kikaanza kujitokeza tena begani, kidogo kidogo, kama mtu anayesukuma kutoka ndani. Brayan sasa ana mikono mitatu. Salvatori alijitolea kwenda kurekebisha, Boke akamwambia mtoto asiguswe tena.

Mnadani hajashika kipaza sauti tangu siku hiyo. Wateja lakini wanakuja, wajane na akina mama wenye watu wao waliotoka maduarani nusunusu, na wote wanataka mkono kama ule wa bomba. Bei ameiandika mlangoni. Mtu mzima, mikono yote miwili imenyooka chini, shilingi elfu arobaini.