Perege Waliopanda Ukuta

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, hata mihuri ya ofisini bado ilisomeka Arusha, nilipopewa kazi ya kuchora ramani ya samaki. Si mzaha. Kwenye kijito kimoja juu ya Gitting palikuwa na malambo mawili, la chini na la juu, na wafadhili walitaka kujua kama samaki wanaweza kutoka moja hadi jingine. Wasipopita, ukuta wa lambo la juu ungebomolewa.

Kompyuta haikuwa na wasiwasi. Niliiingizia vipimo vya GPS, nikaiambia ukuta ni mrefu kuniliko, ikapaka kijito cha juu chote rangi nyekundu: hakupitiki. Kwa uhakika zaidi tulivua perege lambo la chini, tukawakata ncha ya mkia kuwa alama, tukawarudisha. Baada ya wiki tatu nikatega wavu lambo la juu. Nikapata perege saba, wote wana alama.

Nikabaki kwenye kizungumkuti. Mvua haikunyesha. Perege si kambale, hatambai kwenye matope. Niliwalaumu ndege, nikawalaumu watoto wa shule, nikayashuku hata macho yangu. Mtu ambaye sikumshuku ni mjane mmoja mzee aliyenywesha ng'ombe wake pale juu. Kwao samaki haliwi. Siku niliyomwonyesha mmoja alitema mate pembeni na kuniuliza nyoka yule wa nini.

Asubuhi moja nikamkuta anapanda na ndoo kichwani, uso ameukunja. Nikampa shikamoo, nikamtua. Ndani mlikuwa na perege wanne wamefunikwa majani.

Hakuona aibu. "Mlisema kwenye mkutano, samaki wasipopita mnabomoa. Ng'ombe wangu watakunywa wapi? Wewe andika wanapita."

Nikamwambia hawapiti wenyewe.

"Na ng'ombe je, wanakwenda majini wenyewe? Si mimi nawapeleka?"

Nilirudi Babati nikakaa mbele ya kompyuta mchana kutwa. Nilitaka kuandika ukweli, lakini ukweli upi? Samaki walikuwa juu, na alama zao wanazo. Nikageuza nyekundu kuwa bluu, nikaogopa, nikaiacha hivyo hivyo. Ukuta ukabaki.

Baada ya miaka miwili yule mjane miguu ilimshinda, akahamia kwa binti yake kijijini Maretadu, ng'ombe akamwachia mwanawe wa kiume. Wakaja wakaguzi na ramani yangu mkononi. Wakarudia jaribio la alama, na juu hawakupata hata samaki mmoja aliyekatwa mkia. Wakaniuliza ni kitu gani kimebadilika kijitoni.

"Mama mmoja amezeeka," nikasema.

Walicheka, wakidhani natania. Kiangazi kilichofuata ukuta ukabomolewa, na mimi ndiye niliyetumwa kupiga picha. Ng'ombe wa yule mama walikuwa wamesimama kwenye tope, wananitazama.