Itafunguka Juma Lijalo

Jumamosi, Novemba. Manyunyu tangu alfajiri, Kasulu yote ukungu.

Vijana wa maktaba wameniomba niwaandikie kazi yetu ilivyokuwa. Sijui kama mimi ndiye wa kuulizwa; niliishia darasa la saba. Siku yangu ya kwanza, kwenye maktaba ya chuo kimoja Kibondo, nilikabidhiwa tambara la kufutia vumbi. Nilipohamishiwa chuo cha hapa Kasulu nikakuta kompyuta, na Mkutubi Mkuu, mama mkali, akanifundisha hifadhidata, yaani ghala la makala za wataalamu. Unaandika maneno mawili matatu, vichwa vya makala vinashuka. Lakini nyingi zinakuonyesha ikisiri tu, ule muhtasari wa juu. Makala kamili imefungwa kama chuo hakijailipia.

Mwalimu Yustina wa Kumsenga alikuwa akisomea shahada huku anafundisha. Alitafuta makala moja kuhusu watoto wanaoongea Kiha nyumbani na kujifunza kusoma kwa Kiswahili. Msimamizi wake alikataa utafiti wake mpaka aisome yote, na muda wa kukabidhi ulikuwa unayoyoma. Mimi naona ikisiri tu. Sasa, kwetu Uha, mgeni aliyetoka mbali humwambii "hakuna" usoni. Nikasema, "Pita juma lijalo, Mwalimu, itakuwa imefunguka." Akaja na basi, matope hadi magotini. Nikasema vilevile.

Safari ya tatu Mkutubi Mkuu akanisikia, wasomaji wote wapo.

"Nani ataifungua juma lijalo? Wewe una ufunguo?"

"Sina, mama."

"Basi sema hapa hakuna, halafu tafuta kwingine! Pengine mwandishi ameiweka bure kwenye tovuti ya chuo chake. Ukikosa, mwandikie mwenyewe umwombe."

Akakaa kwenye kiti changu, akatafuta, akakosa, akamwandikia mwandishi yeye mwenyewe. Makala nzima ilikuja, na muda ulikuwa haujaisha. Mimi niliichapa tu. Nisimpunje: alinikaripia siku ile moja, hakurudia tena.

Leo Yustina, sasa mwalimu mkuu, kaja nyumbani kwangu na maharage. "Mzee, wewe ndiye uliyenifikisha." Mke wangu akayapokea kabla sijafungua mdomo. Nikamwambia Yustina ukweli: "Aliyemwandikia mwandishi ni Mkutubi Mkuu, mimi nilikuwa nakurudisha Kumsenga tu."

Akacheka. "Mzee, kwani mimi si Muha? Safari ya kwanza tu nilijua hakuna. Nilikuwa narudi ili uone haya, utafute."

Haya nimeziona, na bado ninazo.

Mke wangu ameyagawa maharage mafungu mawili. Moja nitampelekea Mkutubi Mkuu. La kwetu tumelila jioni hii kwa ugali wa muhogo. Yalikuwa matamu, nami nilikula nimeinama.