Simu Iliyopokelewa Stoo

Nilimwambia asante. Hilo linanichoma mpaka leo kuliko hata maneno yenyewe aliyoyasema.

Ilikuwa Alhamisi mchana, kwenye ukumbi wa chama chetu cha akina mama, mtaa wa Akalla. Mimi nakunja sambusa za sherehe ya watoto ya Jumamosi, mikono imejaa unga. Dada yuko upande wa pili wa meza anakata vitunguu. Namwita dada, lakini hatukuzaliwa pamoja. Yeye ni Mganda, alikuja Sweden na wakimbizi wa zamani, na ndiye mwenyekiti wetu tangu nilipoanza kukijua chama. Mimi ni Mtanzania, nimemkuta hapa. Simu yake ikalia. Akaitazama namba, akanitazama mimi, akajifuta mikono kwenye khanga, akaingia stoo. Mlango wa ile stoo haufungi, kuna gunia la mchele linauzuia.

Nilijua ni nani anapiga. Ni meneja wa ofisi ya ghala moja kule Jordbro. Jumatatu ya wiki ile alikuwa ameniambia kwamba kwenye nafasi ya karani wa hesabu tumebaki wawili, mimi na mwenzangu mmoja, na kwamba atawapigia simu watu wangu wawili. Hapa ndivyo ilivyo. Hupewi kazi mpaka mwenye kazi azungumze na mtu aliyewahi kufanya kazi na wewe, amuulize unafanyaje, unafika saa ngapi, unaaminika au vipi. Mtu huyo wanamwita referens. Nikaacha kukunja, nikasogea. Niseme kweli, nilitaka kusikia nikisifiwa. Nina miaka hamsini na mbili na sijasifiwa mara nyingi.

Dada alizungumza kile Kiswidi chake kizuri cha mikutanoni. "Namfahamu sana. Ni mtu mzuri, ana roho safi. Lakini hesabu zenyewe, hapana. Hapa kwetu alikuwa anatusaidia kupanga risiti. Mweka hazina tunaye mwingine. Akiharakishwa anachanganyikiwa. Na umri nao, unaelewa. Mimi ningemtafutia kazi nyepesi nyepesi."

Wakacheka pamoja kidogo, akamtakia siku njema. Akatoka stoo uso unang'aa.

"Banange! Yule bwana ana maswali! Nimekusifia, mdogo wangu, mpaka mate yamenikauka."

"Asante, dada," nikasema.

Nikachukua manda nyingine, nikakunja. Nikakunja mpaka zikaisha.

Sasa nirudi nyuma, maana msomaji atajiuliza mtu wa darasa la saba alifikaje kwenye hesabu.

Nilimfuata mume huku, mume akaondoka, nikabaki Hagsätra na binti mmoja. Nilifanya kazi miaka tisa kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu yanayoingia na yanayotoka, kuandika, na kusukuma matoroli. Msuli wa bega la kulia ukakatika. Nikapasuliwa mara mbili, nikapona nusu. Daktari akasema matoroli basi. Pale kazini msimamizi wetu alikuwa Mswidi mmoja mkavu, mwanamke ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuniuliza habari za nyumbani. Siku naondoka alinipa mkono, akasema, "Karatasi zako zilikuwa sawa." Nikaona ndio ubaridi wao huo, hata kwaheri hawajui.

Wakati huo nilikuwa tayari nashika vitabu vya chama. Hilo lilianza miaka sita kabla ya simu ile ya stoo. Siku moja nilimkuta dada analia pale ukumbini na mfuko wa plastiki uliojaa risiti. Manispaa walitaka taarifa ya ruzuku ndani ya wiki mbili, la sivyo ukumbi unachukuliwa. Nikazimwaga mezani. Nikazipanga kwa tarehe, kama nilivyokuwa napanga orodha za mashuka. Zilizokuwa hazionekani vizuri nikawapigia wenye maduka. Taarifa ikaenda, ukumbi ukabaki. Dada akanikumbatia mbele ya watu, akasema, "Huyu Mungu ndiye aliyemleta."

Tangu hapo kila Jumanne nilikuwa pale. Lakini kwenye karatasi mweka hazina ni shemeji yake dada, mwanamume mmoja anayekuja mara mbili kwa mwaka, kutia saini na kula. Mimi sikuona shida. Nilikuwa nasaidia, basi. Nani angefikiri kwamba ipo siku nitahitaji kuthibitisha kwamba ile kazi niliifanya mimi?

Bega liliponitoa kazini nikajiandikisha shule ya watu wazima, kozi ya uhasibu. Darasani wote walikuwa rika la binti yangu, na kompyuta wanaichezea kwa vidole kumi. Mimi viwili. Usiku wa kwanza wa kazi za nyumbani nilimwita binti yangu anisaidie. Nikamuuliza kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake: "Mama, usiipige, haijakukosea." Tukacheka. Lakini somo lenyewe halikunishinda. Kila kitu kinaandikwa mara mbili, pale kilipotoka na pale kilipokwenda. Nikajiambia, mbona haya ni mashuka! Mwalimu alikuwa akisema ankara, vijana wanakodoa macho, mimi naona risiti za unga na mafuta ya kupikia. Nilifaulu. Cheti nilikipeleka Akalla, dada akakipitisha mkono kwa mkono, akina mama wakapiga vigelegele.

Halafu ukaanza ukuta. Kila nilikoomba waliniuliza, uzoefu? Nikasema chama, miaka sita. Karatasi iko wapi? Hakuna. Mwalimu akaniambia nitafute mtu wa chama atakayesema kwa mdomo wake kwamba vitabu nilivishika mimi. Kwanza nilimwendea mweka hazina. Akacheka mpaka akakohoa.

"Shemeji," akasema, "nikisema wewe ndiye uliyefanya, mimi nilifanya nini?"

Kwa hiyo akabaki dada peke yake. Nilikwenda nyumbani kwake kwa heshima zote, nikavua viatu, nikaeleza. Akanipiga begani, lile lile bovu.

"Hilo ni la kuomba? Wewe damu yangu. Andika jina langu." Kisha akamimina chai. "Na hiyo kazi ya Jordbro ni siku ngapi?"

"Tano, dada."

"Tano! Na sisi Jumanne?"

Nikajibu kwamba nitakuwa nakuja Jumamosi. Akasema sawa, sawa, kunywa chai. Ningekuwa na akili ningesimama pale pale na kuvaa viatu vyangu. Lakini mimi nilikwenda kununua koti la ofisini. Nikajaribu na njia, basi mpaka Älvsjö kisha treni, nione nitatumia dakika ngapi. Jina la pili niliweka la yule msimamizi mkavu wa mashuka, kwa sababu fomu ilitaka mawili. Nililiweka kwa woga.

Wiki moja baada ya zile sambusa barua pepe ikaja. Wamemchukua mwingine. Sikulala. Asubuhi nikampigia yule meneja. Nilifanya mazoezi ya sentensi mbele ya kioo, kisha nikamuuliza, kosa langu lilikuwa wapi? Akajikwaa kwa maneno. Mwisho akasema mahojiano yalikuwa mazuri, lakini mmoja wa watu wangu aliwatia shaka kuhusu uzoefu. Nikamuuliza, na yule wa mashuka? Sauti yake ikabadilika. Akasema yule mama alimwambia, "Mchukue haraka, maana nikipata hapa kazi ya kukaa kwenye kiti, mimi mwenyewe namrudisha. Miaka tisa hajawahi kukosea hesabu."

Nililia kwa hilo. Kwa la dada sikulia.

Niliyemwona baridi alinitetea kama ndugu. Niliyemwita ndugu alinizika mikono ikimnukia vitunguu vya sambusa zetu.

Nilimpigia dada jioni ile ile. Nikamwambia nilisikia, mlango ulikuwa wazi. Akacheka, taratibu, kama anayembembeleza mtoto.

"Mdogo wangu, kile kilikuwa Kiswidi cha kazi. Hukukielewa."

Mimi niliyemwandikia taarifa za manispaa miaka sita, kwa Kiswidi hicho hicho!

"Nilikielewa, dada. Ulisema nachanganyikiwa."

"Nilikulinda. Wangekufukuza baada ya miezi miwili tu, aibu ungeiweka wapi? Jumanne unakuja? Kuna barua ya manispaa hapa."

Nikakata simu.

Nawataja, basi, kwa vyeo vyao, na wale wa chama kila mtu wa Akalla anawajua. Meneja wa Jordbro alikuwa na watu wawili, mmoja anasifu, mmoja anaponda, akashindwa kunirudia na kuniuliza hata swali moja mimi mwenyewe. Mweka hazina amevaa kazi yangu miaka sita na hakutaka kuivua kwa dakika tano za simu. Hao wawili nawalaumu, lakini naweza kukutana nao dukani nikapita. Mwenyekiti siwezi kumpita.

Barua ya manispaa sikwenda kuijibu Jumanne ile, wala Jumanne zilizofuata. Ila hesabu za mwaka nimezifunga, kwa kuwa ukumbi ni wa watoto wetu wote. Mafaili sita yako hapa mezani kwangu Hagsätra. Fungueni popote, kila karatasi ina mwandiko wangu kwenye pembe ya juu.

Mkutano wa mwaka ni mwezi ujao. Mnajua unavyokwenda. Hesabu zinasomwa, kisha mwongoza kikao anauliza kama wanachama wanawaachia viongozi mwaka wao, wasidaiwe jibu lolote tena. Sote tunasema ndiyo kwa mkupuo maana pilau inapoa. Nami nimesema ndiyo miaka yote sita.

Safari hii mafaili nitayabeba mimi mwenyewe, kwa bega hili hili, na kuyaweka mbele yako, dada. Kazi imekwenda kwa mwingine, siidai. Nataka usimame mbele ya akina mama wale wale waliopigia cheti changu vigelegele. Rudia kwa Kiswahili yale uliyoyasema stoo, neno kwa neno, wayasikie. Kisha ufungue faili lolote, uwaonyeshe ni wapi nilichanganyikiwa. Ukikosa ukurasa huo, waambie uliniuza kwa nini. Ilikuwa ni kwa ajili ya Jumanne tu?

Mpaka ujibu, mimi sisemi ndiyo, na pilau ipoe.