Nyimbo za Kaburi la Mogitu

Enzi za Mwingereza nilikaa asubuhi nzima kwenye benchi la boma la Mbulu, nikisubiri kibali cha duka. Ndani, bwana shauri, Mzungu mtawala wa wilaya, na mgeni wake walikuwa wakisikiliza santuri na kubishana kwa Kiingereza: kati ya watunzi wakubwa wa muziki wa kwao, nani hasa alileta jambo jipya? Mmoja alipiga meza.

Dirishani alisimama mama mzee, mfugaji wa kijiji cha Mogitu, amekuja kuomba ruhusa. Mumewe amezikwa, kaburi linajengewa kilima cha udongo, na watu wanataka kukusanyika hapo kumwimbia. Lakini mikusanyiko ilikuwa imepigwa marufuku.

Karani, kijana wa umri wa mjukuu wake, hakutoa hata shikamoo. "Nyimbo zenu ni zile zile, mama. Mtaimba mwakani."

"Za mume wangu hazijaimbwa bado," alisema mama. "Kila marehemu hutungiwa zake. Kilima kikiisha kujengwa, haziimbwi tena."

Bwana shauri akachungulia. "Anataka nini?"

"Kelele za msibani, bwana."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye santuri yake. Mama akajifunga kaniki, akaondoka.

Kiingereza cha kumweleza bwana shauri maneno ya mama nilikuwa nacho. Nilinyamaza, maana kibali changu kilikuwa hakijapigwa mhuri.